Ule utando si ngozi, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako, na barua ikizidi urefu mkasi unao mwenyewe. Najibu makala yenu ya Jumamosi iliyopita, ile iliyosema kwamba ngozi sasa inaoteshwa kwenye ndoo ya chai, na machinjio yajiandae kufunga milango.

Mimi ni fundi makubadhi, au makobazi kama wasemavyo vijana wa Dar es Salaam. Kibaraza changu kipo Ngamiani, hapa Tanga. Kazi hii niliachiwa na baba, naye alifundishwa Pangani. Msije mkadhani naandika kwa wivu, eti nimeona riziki inahamia kwenye ndoo. Ndoo hizo ninazo. Ziko nne, uani kwangu, kando ya banda la kuku, na mke wangu keshanipa tarehe ya kuziondoa. Ninachogombana nacho ni neno moja tu katika makala yenu, nalo ni "ngozi".

Mwaka juzi mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, alirudi likizo kutoka chuoni na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo na kufungwa leso mdomoni. Safari nzima ya basi aliipakata kama mtoto. Ndani mlikuwa na maji ya rangi ya chai, na juu ya maji kitu kama chapati iliyosahauliwa kwenye mchuzi.

"Shikamoo mjomba. Nimekuletea ngozi."

"Marahaba. Na nyama kabaki nayo nani?"

Chapati ile aliinunua kwa mtu wa mtandaoni kwa shilingi 45,000. Niliguna, maana kwa hela hiyo mimi nachukua ngozi nzima ya mbuzi na chenji narudishiwa. Lakini nilipofungua leso, harufu iliyonipiga ilinirudisha kwa bibi mzaa mama. Bibi alikuwa na mtungi wake jikoni, akitia humo tembo la mnazi lililochacha mpaka ligeuke siki ya kuwekea achari ya maembe. Juu ya siki ile hukaa utando mweupe, mtelezi, ukiushika unakuponyoka. Tulikuwa tukiutoa kwa upawa na kuwatupia kuku, na kuku wenyewe wakiuangalia kwa jicho moja kisha wanaondoka zao. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunamwaga mali. Ila wakati ule haikuwa na jina la kuuzia.

Mpwa wangu alinieleza kazi yenyewe inavyokwenda, nami nikaifuatilia baadaye kwa macho yangu. Kwenye chai ya sukari huishi jamii mbili pamoja, hamira na bakteria. Hamira wanakula sukari na kutoa kileo. Bakteria wanakigeuza kileo kuwa asidi ya siki, na humo humo wamo wanaosokota sukari kuwa nyuzi nyembamba mno za selulosi. Hao wanataka hewa, ndiyo maana utando hauoti chini wala katikati bali juu, pale maji yanapokutana na upepo. Mwingereza mmoja mkemia, Adrian Brown, aliyachunguza haya mwaka 1886 na kuonyesha kwamba utando ule ni selulosi, yaani kitu kile kile kilichomo kwenye pamba na kwenye karatasi hii unayoisoma. Naomba msomaji alishike hilo la pamba na karatasi, maana ugomvi wangu wote umesimama juu yake.

Basi tukaanza. Beseni pana la plastiki, maji lita kumi, sukari kilo moja, majani ya chai ya Usambara viganja viwili, siki kiasi cha lita moja, na ile chapati ya mpwa wangu ambayo wenyewe wanaiita mama. Beseni la kwanza nilimwua mama, nikamtia chai ikiwa bado ya moto kwa haraka ya kwenda swala ya alasiri. La pili lilivamiwa na sisimizi, mstari mmoja mrefu kutoka kwenye mwarobaini, nikajifunza kusimamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. La tatu liliota ukungu wa kijani wenye manyoya katikati, na hapo hakuna dawa, unamwaga yote na kulisugua beseni. Hayo ni maandalizi tu ya kuitwa mkulima wa utando. Na kilo za sukari zikaenda, Mhariri. Waliokumbuka mwanzo wa mwaka 2024, sukari ilipoadimika na kupanda bei, wataelewa kwa nini mama watoto alianza kuifungia kabatini.

La nne likakubali. Kwa wenzetu wa Ulaya inabidi waweke vitu vya kupashia joto chini ya beseni. Tanga hatuhitaji, joto letu la usiku tu linatosha. Siku ya tatu juu ya maji palikuwa na kitu kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. (Hapo nimelitumia neno mwenyewe, lakini hakuna aliyewahi kukatia mkanda ngozi ya maziwa.) Siku ya kumi ukawa unene wa kidole cha mwisho. Kanuni ni moja, usitikise. Mjukuu wangu alipitisha mpira hapo, beseni likayumba, utando ukazama upande mmoja, na mwingine mpya ukaanza kujitanda juu yake. Nilimgombeza, lakini kosa lile la mtoto nitalirudia baadaye kwa kulishukuru.

Wiki ya tatu tukavuna. Uzito wake si wa mchezo, na unateleza kama pweza aliyetoka majini sasa hivi. Mpwa wangu alikamata upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaubeba kama maiti ya samaki mkubwa. Tukauosha kwa maji ya magadi soda ili vijidudu vife na harufu ipungue, tukausuuza mara tatu, tukautandaza juu ya ubao wa mvule kivulini.

Hapa ndipo nilipostaajabu, na sina haya kusema. Utando wa unene wa kidole gumba ulikauka siku ya nne ukawa mwembamba kama bahasha ya kaki. Karibu kila kitu tulichokibeba kilikuwa maji. Rangi yake ilikuwa ya asali, na ukiuinua juani unapitisha mwanga kama ngozi ya ngoma mpya. Ulikuwa umenakili ubao wote: mistari ya mvule ilikuwa imo, na kwenye pembe moja palikuwa na alama ya duara ndogo, kichwa cha msumari nilioupigilia mwenyewe miaka iliyopita, na hata mfuo wa nyundo ulioteleza kando ya msumari. Nimekaa na ngozi zaidi ya miaka thelathini, hakuna ngozi iliyowahi kunisomea ubao wangu namna ile. Niliukata kwa kisu, ukakatika safi. Nikautoboa kwa msharasi, tundu halikupasuka. Niliupaka mafuta ya nazi na nta ya nyuki, ukalainika. Nikasema basi, huu ndio wenyewe.

Nikashona makubadhi. Soli niliweka ya ng'ombe, nisimdanganye mtu, lakini kanda za juu na gidamu zote zilikuwa za utando, nikizikunja mara tatu na kuzipiga uzi pembeni. Yalipendeza. Mpwa wangu akayapiga picha kutoka kila upande, picha zikaenda alikozipeleka, wakaanza watu kuulizia bei.

Ijumaa nikayavaa mwenyewe kwenda msikitini. Ilikuwa masika. Kwenda nilifika salama, nikayaacha mlangoni kama wenzangu. Tulipokuwa ndani mvua ikanyesha ile ya Tanga, ya kuelekea baharini kama imemwagwa na mtu, na maji ya paa yakawa yanadondokea juu ya viatu. Natoka, nakuta kanda zimevimba. Zilikuwa zimerudi kuwa pweza. Nikaingiza mguu, gidamu ikanyooka kama kamasi, nikapiga hatua ya pili ikakatika, ya nne ukanda wa kushoto ukaachia uzi wote. Nilirudi nyumbani peku, soli mbili mkononi, katikati ya watu ambao asubuhi yake nilikuwa nikiwatambia. Mzee mmoja tuliyesali safu moja akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, viatu vyako vimekuwaje, vimeyeyuka?"

Baadaye ndipo mpwa wangu alipoona ajabu ya kunionyesha. Mwingereza Suzanne Lee, mbunifu wa mavazi, ndiye aliyeitangaza kazi hii duniani. Aliianza mwaka 2003 na kuiita BioCouture, akashona makoti na sketi za utando wa chai. Jarida la Time mwaka 2010 lilimweka kwenye orodha ya uvumbuzi 50 bora. Na mwaka 2011 mama huyo alisimama mbele ya hadhira huko Marekani akasema wazi kwamba akitoka na gauni lake kwenye mvua litanyonya maji, litakuwa zito, na mwisho mishono itaachia abaki kama alivyozaliwa. Kasema mwenyewe, tena huku akicheka. Mimi nilikwenda kuligundua mlangoni mwa msikiti. Chuo cha Iowa State, Marekani, nacho kilitengeneza fulana ya kizibao na viatu kwa utando huo huo, wakakutana na adui yule yule: unyevu, na kwao hata baridi, ambayo inaufanya ukakamae na kuvunjika.

Sikukata tamaa hapo. Nikajiambia, ngozi mbichi nayo ikilowa inaoza, kinachoiokoa ni dawa. Ninayo dawa ya magome ya miwati, ile inayotoka Njombe, ambayo mafundi wa ngozi tunaijua kwa rangi yake ya kahawia na ukali wake mkononi. Nikauloweka utando humo siku tano. Ulitoka na rangi nzuri ya kahawia, mpaka nikaanza kujisifu. Nikautia kwenye ndoo ya maji: pweza yule yule, ila sasa kavaa kanzu ya kahawia.

Sababu ni lile jambo la pamba na karatasi. Ngozi ya mnyama ni protini, nyuzi za kolajeni zilizosukana ovyo kila upande tangu mnyama yungali tumboni mwa mamaye. Dawa ya magome inazishika nyuzi zile na kuzifunga zisilegee tena kwa maji, na ndiyo maana tunasema ngozi imeiva. Utando hauna protini ya kushikwa. Ni selulosi, nayo inapenda maji kama bata. Dawa inapita, inaacha rangi, inakwenda zake. Huwezi kuivisha kitu ambacho hakina kinachoiva.

Sasa mnaelewa kwa nini neno lile liliniuma. Nyinyi mkiandika "ngozi", msomaji anaelewa ngozi. Anakuja kibarazani kwangu anataka kiatu cha kuvaa kiangazi na masika, cha kutia kiraka mara mbili na kumrithisha mdogo wake. Akilowa akaona pweza, halaumu gazeti. Analaumu fundi, kisha anautukana na utando wenyewe, na mwaka unaofuata hata ukimletea kitu kizuri kilichotengenezwa kwa utando hataki kukigusa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mnamsifu hata kabla hajapanda mnazi.

Tena neno hili limekwisha kutuumiza mara moja. Rekseni ilipoingia ilikuwa rekseni, ya viti vya daladala na makochi, kila mtu anaijua na bei yake inajulikana. Kisha wauzaji wakaanza kuiita ngozi. Leo mtu ananiletea pochi aliyouziwa kwa bei ya ngozi, inabanduka magamba kama mjusi, anataka nimtengenezee. Namwambia mama, hii haitengenezeki, hii ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Anadhani namkwepa.

Wenzetu walioona mbali wameliwekea sheria. Brazil tangu mwaka 1965 imekataza kuita ngozi kitu kisichotoka kwa mnyama. Italia ikaweka amri yake mwaka 2020, Ureno ikafuata mwaka 2022. Wala si nchi za kuchezea kwenye viatu. Na mwaka 2021 watafiti wa Freiberg, Ujerumani, walizipima pamoja ngozi, rekseni na hizi zinazoitwa ngozi za nanasi, za tufaha, za dungusi, na utando huu wa chai, ambao wao wanauita kombucha, ukiwamo. Hakuna hata moja iliyoweza kufanya kazi zote ambazo ngozi inazifanya. Na nyingine walipozichunguza walikuta plastiki ndani yake, maana njia rahisi ya kuzuia maji ni kupaka poliyurithani juu. Tukifanya hivyo na utando wa chai tumezunguka dunia nzima kurudi kwenye rekseni, tofauti ni kwamba hii imekula sukari yetu kwanza.

Niseme na la upande wangu, isije ikaonekana fundi ngozi anajipaka mafuta. Sehemu kubwa ya ngozi duniani inaivishwa kwa kromu, na maji yake yakiachiwa mtoni hayana msamaha. Hazaribagh, kule Dhaka, Bangladesh, viwanda vya ngozi vilichafua mto na watu kwa miaka mingi mpaka vikahamishwa Savar mwaka 2017. Hapa kwetu tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, na bado nahangaika kupata ngozi isiyo na chapa ya moto mgongoni au tundu la kisu cha mchunaji aliyekuwa na haraka. Ngozi nyingi ya ng'ombe wetu inaishia jalalani wakati mimi nanunua iliyosafirishwa. Mtu anayetafuta njia nyingine ana haki, nami namwunga mkono. Na utando una uzuri wake mmoja ambao sikuutarajia: hakuna mteja aliyewahi kuniuliza, "Fundi, si nguruwe hii?" Swali hilo kwenye viatu vya kuagiza naulizwa kila wiki, hasa kwa ajili ya bitana. Ingawa kwa kuwa haki ni haki, mmoja aliniuliza kama umelewa, kwa sababu ya kile kileo cha hamira. Nilimjibu umeoshwa kwa soda na kuanikwa siku nne. Angekuwa mtu angekuwa ametubu.

Sasa lile kosa la mjukuu. Nilisema utando wa kwanza ulizama kidogo, mwingine ukaota juu yake. Tulipouvuna, zile tando mbili zilikuwa zimeshikana. Mpwa wangu akaniambia kule Kerala, India, ipo kampuni inaitwa Malai inayootesha utando wa jamii hii, tena si kwa chai wala sukari ya dukani, bali kwa maji ya nazi yanayobaki kwa wanaosindika nazi. Kisha wanauchanganya na nyuzi za mimea ili upate nguvu: za shina la mgomba, za bangi, na za katani.

Katani, Mhariri! Mimi niko Tanga. Mkonge uliletwa hapa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche 62 ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo watu wa mkoa huu tumekula na kulia zaidi ya karne. Kumbe mtu wa Kerala ndiye anayekumbuka kuutia katani utando, na mimi ninayeshonea katani siku zote sikuwaza.

Nikalipeleka wazo beseni la tano. Safari ya kwanza nilitawanya nyuzi za katani juu ya maji, zikazama zote, zikaoza chini kama nywele kwenye bomba. Safari ya pili nikakumbuka kosa la mjukuu, nikangoja utando ukomae nusu, siku ya nane hivi. Nikachambua singa za katani kwa kitana cha zamani cha mke wangu (hilo naye hajui, akisoma atajua), nikazilaza juu ya utando, nusu yake kwa urefu na nusu kwa upana kama msusi wa ukindu, kisha nikamimina chai mpya kwa kijiko, taratibu, mpaka ikafunika singa zote kwa unene wa kucha. Siku ya tatu pakaanza kujitanda juu. Wiki mbili baadaye singa zilikuwa zimelazwa katikati kama vitunguu ndani ya sambusa. Nilipoukausha na kuuvuta kwa mikono miwili haukukatika. Nikamwita kijana wa jirani anayebeba magunia, akauvuta naye, uzi ukalia lakini haukuachia. Kwenye maji bado unavimba, sikufichi. Ila ulivimba bila kuachana, na ulipokauka ulirudi ulivyokuwa.

Sukari nimeacha kuitia kama zamani. Mama mmoja anayeuza wali wa nazi mtaa wa pili anavunja nazi nyingi kila alfajiri, na maji yake alikuwa akiyamwaga mtaroni. Sasa ananiwekea kwenye dumu, nami namlipa kwa kumtengenezea viatu vya wanawe. Kwenye maji yale bado naongeza sukari kidogo na siki, lakini kilo imekuwa robo. Wafilipino wanaijua siri hii siku nyingi. Tangu mwaka 1949 wanaotesha utando kwenye maji ya nazi, wanaukata vipande vya mraba na kuula kwa sharubati, wanauita nata de coco. Mpwa wangu alinishawishi nionje wa kwetu. Unatafunika, hauna ladha, unakwama kwenye meno. Nafikiri tuendelee kushonea.

Mtaniuliza unafaa nini basi, kama si kiatu. Unafaa pale ambapo hakuna maji wala jasho. Nimetengeneza vifuniko vya taa, na mwanga wake ni wa asali, hakuna ngozi inayotoa mwanga ule. Nimeshona pochi ndogo za kuwekea vitambulisho. Na daftari langu la madeni, lile ninaloandika nani kachukua makubadhi kwa mkopo na atalipa lini, nililipigia jalada la utando wenye katani, na hivi sasa limetimiza mwaka na miezi miwili. Limefunguliwa na kufungwa kila siku ya kazi. Pembe zimechakaa kidogo, kama za daftari lolote. Siku za mvua linatoa harufu ya siki, wadaiwa wakilifungua wanakunja pua, na sijui kama ni siki au ni deni.

Kwa hiyo ninachoomba kwenu ni kidogo. Mkiuandika tena, muuite kwa jina lake. Uitwe utando, uitwe utando wa chai au utando wa nazi, mwenye jina zuri zaidi alete. Lugha yetu haijaishiwa maneno kiasi cha kuazima kwa ng'ombe. Ukiitwa utando mteja atauliza, utando ndio nini? Nami nitapata nafasi ya kumweleza kabla hajalipa. Ukiitwa ngozi hataniuliza kitu. Na mwandishi wenu akitaka kuja kuona anakaribishwa, ila aje masika, na aje na ndara za plastiki za kurudia nyumbani.

Ndani ya bahasha hii nimeweka kipande cha utando mkavu, cha ukubwa wa kiganja, hicho cha rangi ya asali chenye alama ya msumari. Na kingine cha ngozi ya mbuzi ya kipimo hicho hicho. Vitie vyote viwili kwenye glasi ya maji hapo mezani pako asubuhi, ufanye kazi zako, uvitoe saa ya chakula cha mchana na uvivute.

Wako,

Fundi Makubadhi,
Ngamiani, Tanga